Ndege mpya 6 au zilizotumika 16? Jibu kwa mwalimu wa Mbeya

"Mimi ni mwalimu wa fizikia katika sekondari moja hapa Mbeya. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wana mdahalo: nchi ndogo ya kubuni, yenye milima kama yetu, ina dola milioni 300 za kuanzisha kikosi cha anga. Upande mmoja unataka ndege mpya 6 za kivita, kila moja dola milioni 40. Upande wa pili unataka zilizotumika 16, kila moja dola milioni 12, kwa hoja kwamba ndege zitakuwa nyingi na chenji itabaki. Wapinzani wao wanasema huko ni kuwanunulia vijana majeneza, na wanataja ajali ya Malawi ya 2024. Nami nina sababu yangu ya kuuliza: binti wa marehemu dada yangu anasomea ufundi wa ndege na anataka kwenda jeshini. Je, ndege ya miaka 30 ni salama? Na nchi isiyo na pesa nyingi inunue ipi?"

Mwalimu, nianze na binti yenu, maana hofu hiyo ndiyo nzito. Ndege ya miaka 30 inaweza kuwa salama kabisa, na ya miaka mitano ikawa ya hatari. Umri wa ndege hauhesabiwi kwa mwaka wa kutengenezwa peke yake kama tunavyofanya kwa Noah iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam. Ndege ina hesabu tatu zinazokwenda pamoja: saa ilizoruka, mara ilizopaa na kutua, na miaka iliyokaa duniani. Kila hesabu inachosha kitu chake.

Saa za kuruka huchosha mabawa na injini. Kila ndege inapokata kona kali au kupita kwenye upepo wa misukosuko, bawa hupinda kidogo na kurudi. Chukua waya wa bati, uupinde mara moja: haukatiki. Upinde mara mia mahali palepale: utakatika, ingawa hakuna mara hata moja uliyotumia nguvu kubwa. Hicho ndicho kinachoitwa uchovu wa metali. Ufa huanzia kwenye tundu la ribiti au kwenye kona ya kipande, ukiwa mdogo kuliko jicho linavyoweza kuona, halafu hukua.

Kupaa na kutua huchosha magurudumu na miguu yake, na kwa ndege zenye hewa ya kushindiliwa ndani huchosha mwili mzima, kwa sababu kila safari mwili hujaa kama puto na kunywea. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines ilifumuka paa angani huko Hawaii na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Ndege ile ilikuwa na miaka 19 tu, lakini ilikuwa imepaa na kutua karibu mara 90,000, kwa sababu ilifanya safari fupi fupi kati ya visiwa, tena kwenye hewa ya chumvi. Aliyetazama mwaka wa kutengenezwa asingeona hatari yoyote.

Hesabu ya tatu, miaka, huleta kutu, mpira wa kuzuia mafuta unaokauka na kupasuka, na ngozi ya nyaya za umeme inayochanika. Huleta pia tatizo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: kiwanda kilichotengeneza rada au kompyuta ya ndege hiyo kimeshaacha kuitengeneza. Ndege ni nzima, lakini kadi moja ya umeme imekufa na haipatikani popote.

Na hata saa zenyewe hazilingani. Hili wanafunzi wako watalielewa haraka ukiwapeleka barabarani. Malori mawili yana kilomita sawa kwenye dashibodi. Moja limebeba pumba kwenye tambarare za Usangu, jingine limekuwa likishuka Kitonga na mbao za Mafinga. Hakuna dereva wa Makambako atakayeyalipia bei moja. Marekani hufanya hesabu hiyohiyo kwa ndege za mizigo za C-130: kisanduku cha katikati kinachobeba mabawa hupewa saa zilizopimwa kwa uzito wa kazi. Kikifika 38,000 ndege huwekewa mipaka ya namna ya kuruka, na kikifika 45,000 husimamishwa mpaka kibadilishwe. Ndege iliyoruka chini chini milimani na mzigo hufika huko mapema kuliko iliyosafirisha abiria juu ya bahari iliyotulia. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ina saa 20,000 tu", hajamaliza sentensi. Saa 20,000 za kufanya nini?

Sasa Malawi. Tarehe 10 Juni 2024 ndege ya jeshi aina ya Dornier 228 ilianguka kwenye msitu wa Chikangawa ikirudi kutoka Mzuzu, ambako ilishindwa kutua kwa sababu ya hali ya hewa. Watu wote 9 walifariki, akiwemo Makamu wa Rais Saulos Chilima. Ilikuwa ndege ya miaka ya 1980, kwa hiyo wengi walihitimisha palepale kwamba uzee ndio uliowaua. Taarifa ya awali ya wachunguzi wa Ujerumani, nchi ilikotengenezwa, ilizungumzia ndege iliyokuwa ikiruka chini kwenye milima na mawingu. Ilieleza pia kwamba haikuwa na vinasa sauti na data, na kwamba betri ya kifaa cha kutuma ishara baada ya ajali ilikuwa imepitwa na muda tangu 2004. Hiyo betri ndiyo ingenisumbua mimi, Mwalimu. Haihusiani na umri wa bawa. Ni kitu chenye tarehe, kinachobadilishwa na fundi mmoja, na kilipita miaka 20 bila kubadilishwa. Swali la usalama analopaswa kuuliza binti yenu ni hilo: nani anafuatilia tarehe, na ana pesa za kuzifuata?

Upande wa ndege mpya nao una dhana ya kusahihishwa. Mpya haina maana ya isiyosumbua. Abiria wa uwanja wa ndege wa Songwe hapo Mbeya wanakumbuka kipindi ambacho baadhi ya Airbus A220 za Air Tanzania, zilizoanza kuingia nchini Desemba 2018 zikiwa mpya kabisa, zilisimama chini kwa sababu ya matatizo ya injini zake. Ndege zenyewe hazikuwa na tatizo, na mashirika ya nchi nyingine yaliyotumia injini hizohizo yalikumbwa vilevile: injini zilihitaji kwenda karakana kabla ya muda uliotarajiwa, na foleni ya karakana ilikuwa ndefu. Anayenunua aina mpya kabisa ya injini analipia pia kugundua kasoro zake. Anayenunua iliyotumika kwa miaka 20 na mataifa mengi hukuta kasoro hizo zimeshaandikwa kitabuni pamoja na dawa zake.

Tufike kwenye hesabu, maana mdahalo utashindwa au kushinda hapo. Ndege ya kivita ya ukubwa wa F-16 ya Marekani, ukijumlisha mafuta, vipuri, mafundi na ukaguzi mkubwa, hugharimu dola 20,000 au zaidi kwa kila saa ya kuruka. Chukueni ndege moja iruke saa 150 kwa mwaka, kiwango cha wastani kwa nchi ndogo.

Ndege 16 zitaruka saa 2,400 kwa mwaka, yaani dola milioni 48. Zilinunuliwa kwa milioni 192, ikabaki chenji ya milioni 108. Chenji hiyo inaisha ndani ya miaka miwili na robo. Ndege mpya 6 zitaruka saa 900, yaani dola milioni 18 kwa mwaka, na chenji yake ya milioni 60 inaisha ndani ya miaka mitatu na miezi michache. Pande zote mbili za mdahalo wenu, kwa hiyo, zimenunua ndege bila kununua kuruka. Hazina isipoweka fedha za kila mwaka kwa miaka 20 mbele, swali la mpya au mtumba halina maana.

Afrika Kusini ilikutana na jambo hilo ikiwa na ndege nzuri na mpya. Ilipokea ndege za kivita 26 aina ya Gripen kati ya 2008 na 2012, na muda mfupi baadaye 12 kati yake zikawekwa stoo kwa kukosa bajeti. Mwaka 2021 zote zilisimama kwa sababu mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha, na mwingine ukasainiwa 2022. Ile ni nchi yenye kiwanda cha ndege, marubani hodari na mafundi wa kiwango cha juu. Kilichokosekana ni fedha za kila mwaka.

Kuna hesabu nyingine inayowapendeza watetezi wa ndege mpya, na ina mtego. F-16 za zamani zilisanifiwa kwa saa 8,000, na toleo jipya la Block 70 kwa saa 12,000. Mwanafunzi atasimama aseme: iliyotumika imebakiza saa 2,000 kwa dola milioni 12, hiyo ni dola 6,000 kwa saa, mpya ina saa 12,000 kwa dola milioni 40, ambayo ni kama dola 3,300 kwa saa, kwa hiyo mpya ni rahisi. Mjibuni hivi: kwa saa 150 kwa mwaka, baada ya miaka 30 ndege mpya itakuwa imeruka saa 4,500 tu. Zile 7,500 zilizobaki hamtazitumia kamwe, ila mmezilipia. Gharama halisi ni karibu dola 8,900 kwa saa. Nchi ndogo inayoruka kidogo haimalizi chuma, inamaliza kalenda. Ndiyo maana kiunzi, yaani mwili na mabawa ya ndege, kilichobakiza saa 2,000, ambazo ni miaka 13 kwa kiwango chenu, kinaweza kuwa ununuzi wa busara kwenu wakati nchi kubwa inakiona kimechoka.

Lakini nao watetezi wa 16 wasishangilie, kwa sababu wingi wa ndege haumaanishi wingi wa ndege zinazoruka. Katika ndege 6, hesabuni moja iko kwenye ukaguzi mkubwa, moja inasubiri kipuri, mbili zinafundishia marubani. Zimebaki mbili za kazi. Saa 900 za mwaka, mkimpa kila rubani 120, zinatosha marubani 7. Wa nane anapoteza ustadi, na rubani asiye na ustadi ni hatari kuliko bawa lenye miaka 30. Nchi za NATO hulenga saa 180 kwa rubani kwa mwaka. Katika ndege 16 zilizonunuliwa bila vipuri vya kutosha, mambo huharibika kwa njia inayojulikana: kipuri kinakosekana, fundi ananyofoa kwenye ndege ya jirani. Kipuri kimefunguliwa mara mbili na kufungwa mara mbili, na kila mara kuna nafasi ya kuharibu uzi wa bolti au kusahau kuandika namba yake. Baada ya miaka mitatu ndege nne zimekuwa ghala la vipuri na hazitaruka tena, kwa sababu hakuna anayejua tena kipi kilitoka wapi. Ndege 16 zimekuwa 12, na kwa siku ya kawaida huruka 5.

Kuhusu milima yetu, hapa ndipo fizikia yako inapohitajika, na ningependa wanafunzi wafanye hesabu hii ubaoni. Vitabu vya matangazo ya ndege hutoa urefu wa njia ya kupaa ndege ikiwa usawa wa bahari, kwa nyuzijoto 15. Songwe iko karibu mita 1,340 juu ya bahari. Kwa hewa ya kawaida, joto huko lingekuwa nyuzi 6 hivi. Mchana wa Oktoba likifika 28, kuna nyuzi 22 za ziada, na kila nyuzi moja ni kama kuinua uwanja kwa mita 36. Kwa hewa yake, Songwe ya saa nane mchana ni kama iko mita 2,100 na zaidi, na uzito wa hewa umebaki asilimia 81 ya ule wa usawa wa bahari kwa nyuzi 15. Bawa linapata hewa chache, na injini inameza hewa chache, kwa hiyo vyote viwili vinapungua kwa pamoja. Ndege iliyohitaji mita 1,000 kwa hali ile ya vitabuni itataka 1,500 au zaidi. Songwe yenye njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 3 inavumilia. Uwanja wa Nduli pale Iringa uko zaidi ya mita 1,400 na njia yake ni fupi kuliko ya Songwe. Ndege italazimika kupunguza mafuta au mzigo. Mnunuzi adai majedwali ya utendaji kwa mita 1,400 na nyuzi 30, ndege ikiwa na mzigo kamili, na aandike takwimu hizo ndani ya mkataba. Injini iliyochoka hupoteza nguvu kwanza mahali kama hapa, pwani haitaonekana.

Kabla ya bei, kuna ruhusa. Ndege ya kivita haiuzwi mara ya pili bila idhini ya nchi iliyoitengeneza. Mwaka 2018 Croatia ilichagua F-16 zilizotumika kutoka Israel, na mpango ukavunjika Januari 2019 kwa sababu Marekani haikukubali ziondoke na mitambo iliyoongezwa na Israel. Croatia ikarudi mwanzo, na 2021 ikanunua ndege za kivita 12 aina ya Rafale zilizotumika kutoka Ufaransa kwa euro milioni 999. Miaka ilipotea kwa barua ambayo ingepaswa kutafutwa kwanza.

Ikishapatikana ruhusa, wanakwenda watu watano: wa kiunzi, wa injini, wa umeme na rada, rubani wa majaribio, na wa kumbukumbu. Huyo wa mwisho ndiye muhimu kuliko wote, na ndiye anayeachwa nyumbani mara nyingi. Kila diski ya turbini, kila mguu wa gurudumu, kila kitovu cha propela kina namba yake na ukomo wake wa maisha. Historia yake lazima ifuatiliwe bila pengo mpaka siku ilipotoka kiwandani. Kipande chenye pengo la miezi sita kinahesabiwa kimekwisha, hata kiking'aa. Baada ya makaratasi, paneli zifunguliwe: chini ya choo, chini ya betri, chini ya sakafu ya mizigo, na kwenye bolti zinazoshika mabawa, maana kutu hupenda pasipoonekana. Nyufa zitafutwe kwa rangi ya kupenya, mkondo wa umeme na mawimbi ya sauti, na ndani ya injini wachungulie kwa boroskopu, kamera nyembamba ya kupenyezwa tunduni. Injini iwashwe mpaka nguvu kamili na joto la moshi lisomwe: likiwa karibu na kikomo, hiyo injini inadai karakana, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei. Oili ipimwe chembe za metali. Halafu ndege iruke saa mbili, kuzungushwa uwanjani hakutoshi. Uliza pia ilikohifadhiwa. Miaka mitano kwenye jangwa kavu si sawa na miaka mitano kando ya bahari.

Mkataba uwe na vitabu vya matengenezo pamoja na masahihisho yake ya kila mwaka, zana maalumu, mafunzo, na vipuri vya miaka mitano. Sehemu ya malipo, walau moja ya kumi, ishikiliwe mpaka kila ndege iruke saa 100 nyumbani.

Umeniuliza inunuliwe ipi, nami sitakwepa. Kwa nchi ya wanafunzi wako, nisingeanza na jeti za kivita. Kazi zake za kila wiki ni mafuriko, wagonjwa wa mbali, doria ya mpaka na ziwa, na kupeleka askari mahali ambapo barabara imekatika. Ningenunua kwanza ndege za mizigo, kama Zambia ilivyofanya ilipochukua C-27J Spartan 2, na ndege za propela za doria na mafunzo kama Super Tucano, ambazo Angola, Mauritania na Nigeria zinazo. Saa yake moja ni sehemu ndogo ya gharama ya saa ya jeti, kwa hiyo marubani wataruka vya kutosha. Jeti ikiwa ni lazima, basi nisingechukua 6 wala 16. Ningechukua 10 zilizotumika, toleo moja, kutoka nchi moja yenye kumbukumbu kamili, kama Botswana ilivyozifuata ndege za kivita F-5 za Kanada mwaka 1996. Milioni 120 zingeenda kwenye ndege na 180 kwenye vipuri, simuleta (mashine ya kumfundishia rubani akiwa ardhini), mafunzo na mabanda. Ndege mpya ningeichagua pale tu Hazina imeshasaini fedha za miaka 20 na nchi inaweza kusubiri miaka mitatu au zaidi kuipokea, kwa sababu faida yake kubwa ni kiwanda kinachowajibika kwa miaka 30 ijayo, na faida hiyo ni ya kweli.

Karatasi hizi zinatosha mdahalo, hazitoshi kununua hata kifaa kimoja. Nchi halisi iajiri mkaguzi asiyelipwa na muuzaji wala dalali, akaiguse ndege kwa mikono yake. Kwa wanafunzi, andika barua kwa uongozi wa uwanja wa Songwe uombe mhandisi wa ndege za kiraia azungumze nao, na wanaotaka fani hii waulize Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam. Wasiulize jeshi idadi za ndege zake, hawatajibiwa, na ni sawa wasijibiwe.

Binti yenu naye, atakapofika kwenye kikosi chochote, aangalie mambo matatu wiki ya kwanza. Je, vitabu vya matengenezo vina masahihisho ya mwaka huu? Je, spana za kupimia nguvu zina stika ya kupimwa ambayo haijapita tarehe? Na je, fundi akikataa kusaini kwamba ndege iko tayari, ndege hiyo inabaki chini? Jibu la tatu likiwa hapana, azungumze na mkufunzi wake ana kwa ana kabla hajaweka saini yake ya kwanza.